Broka wa Matisi Aenda Lamu Kununua Nyumba

Niaje, vijana wa ploti? Nawasalimu kwa salamu yenu ili msinikimbie kabla sijaanza. Mimi ni Nekesa, ingawa huko Matisi ya Kitale na Kanduyi ya Bungoma wengi wenu mnanijua kama Mama Simiyu, yule mama wa viatu vya gambuti na mwavuli mweusi aliyekuwa akiwafukuza mkijaribu kumuuzia mtu ploti ya kinamasi. Nimefanya kazi ya ubroka tangu wengi wenu hamjazaliwa. Nimeuza mashamba, ploti na nyumba kutoka Bungoma hadi mpakani Suam. Sasa nimestaafu, na kwenye lile kundi letu la WhatsApp mmekuwa mkiulizana mama alipotelea wapi. Leo nimepata nafasi, chai iko hapa, na maneno yamenijaa mpaka naona nitapasuka nisipoyatoa. Nataka kuwaambia jinsi nilivyokwenda kujitafutia nyumba kisiwani Lamu, mimi mwenyewe, broka mzima, nikafanya kosa ambalo ni broka wa Kitale tu angeweza kulifanya.

Kwanza mjue kwa nini Lamu. Baba Simiyu, mume wangu, alifanya kazi kwenye maghala ya mahindi tangu ujana wake: kubeba magunia, kupanga magunia, kufagia vumbi la magunia. Vumbi lile lilimkaa kifuani. Na Kitale mnaijua ilivyo mwezi wa saba, ukungu haufunguki mpaka jua liwe juu, na baridi inaingia hadi ndani ya blanketi. Baridi ikija tu, kifua chake kinafunga. Anakesha kwenye kiti, mito mgongoni, kifua kinapiga filimbi, na mimi niko kando yake nimeshika mkono wake nikiomba. Daktari alitwambia waziwazi kwamba dawa atampa, lakini kitakachomsaidia zaidi ni kutoka kwenye baridi na vumbi.

Halafu mteja wangu wa zamani, mwalimu aliyekuwa akifundisha Lamu, akatualika tumtembelee. Asubuhi moja niko jikoni kwake nakanda chapati, nasikia mwanamume anapanda ngazi huku anaimba wimbo wa kanisani kwa sauti nene. Nikadhani mwalimu amepata mgeni. Kumbe ni Baba Simiyu. Vijana, nililia pale pale, mikono imejaa unga. Sikuwa nimemsikia akipanda ngazi na kuimba kwa pamoja tangu watoto wetu walipokuwa wadogo. Siku hiyo hiyo nikaamua kwamba tutatafuta nyumba katika kisiwa hiki, na baridi ya mwaka unaofuata isitukute Kitale.

Sasa, kabla sijafika kwenye nyumba yenyewe, lazima nimtaje aliyenifundisha kazi, maana kosa langu lilianzia kwenye mafunzo yake. Mzee Barasa wa Kanduyi alikuwa broka wa baiskeli. Ofisi yake ilikuwa kwenye kofia: karatasi zote alizikunja akazivaa kichwani, na mvua ikianza anashika kofia kwanza ndipo anatafuta mahali pa kujikinga. Huyo mzee alinifundisha kwamba ploti haikaguliwi wakati wa kiangazi. Kuna mteja wangu wa kwanza kabisa aliyenunua ploti Matisi mwezi wa kwanza, ardhi kavu, nzuri, imenyooka kama meza. Mwezi wa nne akanipigia simu, na badala ya kunitukana akaielekeza simu nje nisikie vyura. Nilipomweleza Mzee Barasa alicheka mpaka akashika ukuta. Tangu hapo nikawa natembea na gambuti, na mteja wangu yeyote nilimpeleka saiti mvua ikinyesha, hata kama amevaa suti.

Alinifundisha pia kuangalia makaburi. Kwetu Bungoma mtu anazikwa nyumbani, kwa hiyo ukiona kaburi shambani, na hata ukiona sehemu ambayo jembe limezungushwa kwa heshima bila kupita juu, jua hapo kuna ukoo mzima ambao hujazungumza nao. Niliwahi kumpeleka mnunuzi kwenye shamba moja nje ya Bungoma. Mwenye shamba alikuwa mcheshi, ametuonyesha kila pembe, tumekubaliana kila kitu, tunapeana mikono. Mara mama mzee akatokea kwenye mahindi na jembe begani, akauliza kwa upole sana, "Mnauza hii shamba na mimi niko ndani?" Alikuwa mamake. Mnunuzi wangu aliruka ua, sijawahi kuona mtu wa kitambi akiruka vile. Kwa hiyo msiniletee hapa mambo ya kuuza shamba kwa picha ya simu. Picha haina mama ndani ya mahindi.

Lakini somo kubwa la Mzee Barasa lilikuwa kufunga mdomo. Alitaka tuwe tunazungumza kuhusu ploti kana kwamba tunazungumza kuhusu ng'ombe, ili anayesikiliza kwenye hoteli asijue. Tukisema tumeona ng'ombe Kanduyi ana pembe mbili, ni ploti ya kona inayoangalia barabara mbili. Ng'ombe amekunywa, maji yameshaunganishwa. Ng'ombe ana mimba, kuna kesi ndani yake, kaa mbali. Nilikuwa nimekaidi somo hilo mara moja tu, nikamwambia rafiki yangu juu ya ploti fulani tukila maandazi, na kabla chai haijapoa binamu yake alikuwa ameshafika kwa mwenye ploti. Kuanzia siku hiyo nilikuwa kaburi. Mnunuzi wangu hakujulikana, muuzaji wangu hakujulikana, na majirani waliona tu nyumba inaota kutoka ardhini. Huko kwetu kazi hii imenilisha kwa kunyamaza, na nilikuwa na hakika kwamba nitakwenda na ukimya wangu popote.

Basi yule mwalimu akanitajia nyumba moja katika mji wa kale wa Lamu. Mwenyewe, Bi Rukia, alikuwa amefariki, na mwanawe Athumani, ambaye anaishi Mombasa, alitaka kuiuza. Nikampigia simu. Kijana mwenye adabu, maneno machache. Kabla sijasema lolote, yeye ndiye aliyeniomba mambo yetu yabaki kati yetu wawili mpaka karatasi zikamilike. Nilimpenda hapo hapo. Nikamwambia Baba Simiyu nimepata ng'ombe wa pwani, na mwenye ng'ombe anazungumza lugha yangu. Broka aliye macho angejiuliza huyu kijana anamficha nani. Mimi furaha ilikuwa imenipanda kichwani, akanitumia ufunguo tufikie humo humo, nikafunga safari.

Njia nzima nilimfundisha Baba Simiyu la kusema. Mnamjua, mtu wa kuongea na kila kiumbe, akikosa mtu anaongea na mbuzi. Nikamwambia tukifika, sisi ni watalii, tumekuja kupumzika, basi. Akaniuliza ni watalii gani hubeba unga wa wimbi na sufuria. Nikamwambia anyamaze aanze kufanya mazoezi.

Tuliposhuka gatini, mwenye punda akaja kuchukua mizigo. Akaangalia sufuria, akatuangalia sisi, akauliza kwa heshima kama sisi ndio wageni wa nyumba ya marehemu Bi Rukia. Nilitaka ardhi inimeze. Baba Simiyu akajikaza kutekeleza mafunzo. "Hapana, sisi ni watalii tu, bana," akasema, kwa sauti ambayo hata mtoto wa Webuye angejua imetoka Bungoma. Mwenye punda akatikisa kichwa kwa adabu na kutupeleka moja kwa moja hadi mlangoni pa Bi Rukia bila kuuliza njia. Hapo ndipo nilipopaswa kushtuka. Mahali pasipo na gari, ambapo kila mzigo unapita kwa mgongo wa punda mbele ya milango ya watu, siri unaificha wapi?

Lakini nyumba! Vijana, nimeingia nyumba nyingi, hakuna iliyonishika hivyo. Nje ni ukuta mkavu tu na mlango mzito wa mbao uliochongwa, na pale mlangoni wana ukumbi mdogo wanaouita daka, wenye viti vya mawe pande zote mbili, ambapo mgeni mwanamume hungoja. Ukiingia ndani unakuta ua ulio wazi juu, mwanga unamwagika, na upepo unapita kutoka chumba hadi chumba bila kuitwa. Kuta zina vijidirisha visivyopenya nje, vya kuwekea vyombo, wanaviita zidaka, safu juu ya safu, nyeupe pe. Nilizunguka nikigusa kila kitu. Nilipiga vigelegele moyoni.

Hata hivyo sikusahau kazi. Nikatoa tepu, nyundo ndogo na msumari. Na hapa andikeni, maana huko pwani nyumba haikaguliwi kama ya Matisi. Vyumba ni virefu na vyembamba, na sababu ni boriti. Dari limebebwa na boriti za mikoko, na mti wa mkoko ukishafika urefu wake haukuongezei kwa sababu una sofa kubwa. Baba Simiyu alisimama katikati ya sebule, mikono kiunoni. "Hii viti yetu ya wageni itaingia hapa aje?" akauliza. Nikamwambia viti vibaki Matisi, tutakaa kwenye mikeka. Kila boriti niliichoma kwa msumari kutafuta mchwa. Msumari ukiingia kirahisi, ondoka. Zote zilikuwa ngumu ila moja juu ya choo.

Halafu kuta. Kuta zao ni za mawe ya matumbawe, na lipu yake ni ya chokaa, sio simiti. Kwenye kona moja mtu alikuwa ameziba kwa simiti, na simiti yote ilikuwa imetoka vipande, chini yake unyevu na chumvi. Nilionja kwa ulimi, chumvi tupu. Mwalimu alikuwa ameshanieleza kwamba mawe yale yana chumvi na hunyonya unyevu, chokaa huacha ukuta ukauke, simiti huufungia maji ndani mpaka lipu ibomoke. Wangapi kati yenu mngefika pale na lori la simiti mkidhani mnawasaidia watu? Mimi nilikuwa nimeshapanga mifuko mingapi, nikaifuta kichwani.

Mwisho tukafika kwenye kisima. Kiko nyuma, kwenye kijiua kidogo, na kimejengwa chini ya ukuta wenyewe. Nusu ya mdomo wa kisima iko upande huu na nusu nyingine inapotelea upande wa pili wa ukuta. Niliinama kuangalia maji kama ni safi. Mara ndoo ambayo si yangu ikashuka mbele ya macho yangu, ikagonga maji, pwaa. Kamba ilitoka upande wa pili. Nilishtuka nikaangusha nyundo, nayo ikaingia majini kwa kishindo.

Ndoo ikasimama. Sauti ya mama mzee ikatoka kule, ndani ya kisima, kubwa na karibu sana. "Ni nani huko kisimani?"

Baba Simiyu alifungua mdomo aitikie. Kwetu mtu mzima akikuita unaitika hata kama anakudai. Mimi, broka wa siri, nikamziba mdomo kwa kiganja. Tukasimama hivyo, yeye macho yamemtoka, mimi nimejibana ukutani kama mwizi wa kuku. Sauti ikauliza tena, mara hii kwa wasiwasi. Sikuitika. Nikasikia mama akisema "Haya," taratibu, na ndoo ikavutwa juu.

Nilijiona hodari. Nikanong'ona kwamba tumepona. Baba Simiyu aliondoa mkono wangu mdomoni akaniangalia kwa namna ambayo hajawahi kuniangalia. "Mama Simiyu, ile si vizuri," akasema. "Mama ya watu ameita."

Kesho yake asubuhi Athumani akanipigia simu, sauti imemkauka. Yule mama wa kisimani alikuwa Bi Zuhura, mama yake mdogo, mjane, dada wa marehemu Bi Rukia. Baba yao alikuwa na mabinti wawili tu, akawajengea nyumba mbili zilizoshikana, ukuta mmoja, kisima kimoja, kila binti aolewe akiwa kwake. Ndiyo desturi yao, binti hujengewa nyumba ubavuni mwa wazazi. Na desturi inayofuata hiyo ni kwamba upande mmoja ukiuzwa, wa upande wa pili huulizwa kwanza. Akiitaka, ni yake. Akikubali iende kwa mwingine, anasema mwenyewe mbele ya watu wa mtaa. Bila hilo hakuna mzee wa mtaa atakayekubali kuwa shahidi, na Athumani mwenyewe alilijua hilo. Ila alikuwa amepanga tukamilishe karatasi kwanza na kumwambia baadaye, kwa sababu alijua mama yake mdogo hapendi nyumba ya dada yake iende kwa mgeni. Sasa mama amempigia simu akamwambia ameshasikia, na nyumba anaichukua yeye.

Vijana, nilikaa chini sakafuni. Nilimkasirikia Athumani, nikamkasirikia Mzee Barasa aliye kaburini, kisha nikajikasirikia mimi. Bungoma nisingenunua hata robo ya shamba bila kuuliza wana, wake, ndugu na mama aliye ndani ya mahindi. Hapa nilikuwa nimepima kila boriti na kuonja kila ukuta, na swali la nani anaishi upande wa pili halikunijia hata mara moja. Kule kwetu jirani ndiye niliyemficha maisha yangu yote, na kumbe huku jirani ndiye mwenye ufunguo. Nikamwangalia Baba Simiyu ameketi dirishani, anapumua vizuri, anasalimiana na mtoto wa chini kwa ishara. Nikaona Kitale, ukungu, kile kiti na ile mito. Nikaogopa kweli.

Yeye ndiye aliyenyanyuka kwanza. "Mimi nimechoka kuwa mtalii," akasema. "Twende tuamkie mama ya watu."

Huwezi kwenda kwa mtu mikono mitupu, hilo kila Mbukusu analijua. Kuku sikuwa naye. Nikachukua unga wetu wa wimbi, nikaufunga kwenye kitambaa safi, nikajitanda leso, tukaenda. Mlango wa Bi Zuhura uko hatua chache tu kutoka ule wa dada yake. Nikabisha hodi, safari hii kwa sauti yangu yote. Msichana wa kazi akafungua, akanikaribisha mimi ndani, na Baba Simiyu akaonyeshwa kiti cha mawe pale kwenye daka. Mwanamume mgeni haingii ndani mahali mwanamke anapoishi peke yake. Aliketi bila ubishi na kuanza kujifunza majina ya paka.

Bi Zuhura alikuwa mama mdogo wa mwili, mnyoofu, macho yanayokupima kutoka kichwani hadi kwenye viatu. Nimepima wapangaji wengi namna hiyo, ila sikuwa nimewahi kuwa upande wa kupimwa. Akapokea wimbi, akanusa, akauliza hupikwaje. Nikamweleza uji wake unavyochachuliwa. Akaniketisha. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi mazuri ya kibroka, na yote yalipotea alipouliza la kwanza.

"Aliyekuwa kisimani ni wewe?"

"Ni mimi, Bi."

"Nikauliza ni nani, hukuitika."

Nikamweleza kwamba kwetu kazi yangu ni ya siri, kwamba broka hasemi kitu mpaka karatasi zitoke, kwamba nilizoea. Niliongea sana. Aliniacha nimalize, na uso wake haukubadilika.

"Mwanangu, mimi naishi peke yangu," akasema. "Huyu msichana hurudi kwao jioni. Dada yangu alipokuwa hai, kila nikiteka maji aliita, nami nikaitika. Siku nikianguka huku, atakayesikia ni wa huko. Wewe nilikuita mara mbili. Ningekuwa nimeanguka?"

Aibu iliniwasha masikio. Akaniambia mtaa ule una nyumba nyingi zilizonunuliwa na watu wazuri, wenye pesa zao, wakazipaka rangi, wakaweka kufuli, na wanakuja siku za sikukuu tu. Usiku njia ni kiza, visima vinaota majani. Nyumba ya pili yeye haihitaji, hana hata nguvu za kuifagia. Anaichukua ili isifungwe. Kisha akaniinamia karibu.

"Niambie kweli. Mtaishi, au mtafunga?"

Sasa sikilizeni. Katika kazi yetu, mnunuzi hasemi shida yake kamwe, maana akiisema tu ameshikwa. Nimewafundisha wengi wenu hivyo, na mimi mwenyewe sikuwa nimeivunja sheria hiyo hata siku moja. Pale nikaivunja vipande vipande. Nilimwambia juu ya maghala na vumbi. Nilimwambia juu ya baridi ya Kitale, na kile kiti, na ile filimbi ya kifuani inayoniamsha hata ninapokuwa safarini bila yeye. Nilimwambia mwanamume huyo aliwahi kuimba kwenye ngazi za watu katika kisiwa hiki, na kwamba nimekuja kununua hilo, nyumba ni kisingizio. Nilimwambia kwamba hatutafunga, tutaishi humo mpaka tuzeeke zaidi, na kwamba ninaogopa. Sikuwa nimemwambia mtu kwamba ninaogopa, hata wanangu.

Bi Zuhura alisikiliza, vidole vyake vikikunja na kukunjua kile kitambaa cha wimbi. Nilipomaliza hakusema ndiyo wala hapana. Aliniambia atafikiri, na jibu atampa mpwa wake. Akaniamrisha ninywe kahawa, nikanywa bila kuionja. Kisha akasimama kunisindikiza mlangoni, kwa adabu tu, na mimi nikajua nimekosa. Broka anajua akikataliwa. Mtu anayekubali hakusindikizi haraka hivyo. Nilikuwa nimeshaanza kutafuta maneno ya kumwambia Baba Simiyu.

Tukafungua mlango, na aibu ya pili ikanipata. Baba Simiyu alikuwa amelala kwenye kile kiti cha mawe. Sio kusinzia, amelala, kofia tumboni, viatu amevivua na kuvipanga vizuri chini, paka mmoja amejikunja miguuni pake. Mzee mzima wa Bungoma, mkwe wa watu, amelala kwenye daka la mwanamke mjane, watu wanapita njiani wakimwangalia! Nikanyoosha mkono nimtikise bega.

Mkono ukaniganda hewani. Vijana, alikuwa amelala chali. Amenyooka, kichwa juu ya jiwe tupu, bila mto wala kitu cha kuegemea. Nikainama, nikaweka sikio karibu na kifua chake, nikangoja ile filimbi. Haikuja. Pumzi ilikuwa ikiingia na kutoka, ndefu, polepole, kama ya mtoto aliyeshiba. Nikafunika uso kwa leso, nikalia bila kujali ni nani ananiona.

Bi Zuhura alikuwa nyuma yangu. Njiani pale walikuwa wamesimama wanawake wawili wa nyumba za mbele na mzee mmoja wa mtaa mwenye bakora, na nyuma yao mtu mwingine na punda wake aliyebeba mchanga, punda akilia kwa sauti yote kwa sababu njia imezibwa. Mwenye punda naye akapaza sauti kuuliza ni mgeni gani huyo aliyelala mlangoni kwa Bi Zuhura.

Bi Zuhura akatoka hadi ukingoni mwa daka, akawaangalia wote mmoja mmoja, akainua kidole.

"Nyamazisha punda wako," akasema. "Mwenye nyumba ya dada yangu amelala."

Mwenye punda akamshika punda mdomo kwa mikono yote miwili, nao wakapita mbele ya Baba Simiyu polepole.